Kumb. Na. TS/4471

Barua ya kwanza ilikaa Posta miezi minne,
katika sanduku la shemeji, ambaye hulifungua
akisikia mtu kafa au kafaulu.
Ilikuwa ya Kitaliano. Nikafungia karanga.

Ya pili ilikuja na Kiingereza na tarakimu:
yuro themanini na nne, kwa kuingiza gari
mtaa wa wakazi peke yao, mjini Trieste,
saa kumi na moja jioni na dakika arobaini na mbili.
Nikacheka. Mimi, fundi majokofu wa Mchikichini,
ambaye mlangoni pangu hupita mkokoteni, bodaboda,
jeneza na maji taka, bila kuulizana kibali,
leo nadaiwa kwa kupita.

Deni halikucheka. Lilikaa huko kwenye baridi, likizaa.

Sasa nina Evodius.
Hupiga Jumanne, saa nne, nikiwa na mtungi wa gesi mkononi.
Yuko Mikocheni, chini ya kiyoyozi. Nakisikia:
feni yake beringi imekufa.
"Shikamoo mzee Mshangama. Tumefika mia tatu na kumi na mbili."
Tumefika! Kama vile tuliondoka pamoja.
"Dawa ya deni kulipa, mzee."
"Hata dawa, mwanangu, ina dozi. Nyie mnaninywesha chupa nzima
kwa homa ya mwaka juzi."
Anacheka kidogo, kisha anaikumbuka kazi.
Ananisomea. Ada ya posta. Ada ya tafsiri.
Ada ya kunitafuta, mimi ambaye sijapotea,
miaka thelathini na moja mlango uleule,
kibao kilekile kilichofutika herufi ya mbele: UNDI.

Nikamwambia, nionyeshe ushahidi.
Nilitaka kumchelewesha tu. Mdaiwa naye ana hila zake;
nimewahi kuchuchumaa nyuma ya jokofu la mteja
huku mke wangu akimwambia mwenye nyumba "hayupo"
kwa sauti ya mtu anayeapa.

Ijumaa picha ikaja.

Gari dogo jeupe, tulilokodi tukamwone mjukuu.
Namba yake imezungushiwa wino mwekundu.
Mimi nimeukaba usukani kama mbuzi wa kuazima,
macho yamenitoka, barabara yote upande usio wangu.
Na pembeni yangu Mwanaheri,
chungwa nusu limemenywa mkononi, kichwa nyuma,
anacheka.

Nilikuwa nimemuuliza kile kibao kinasemaje.
Akasema, "Wameandika karibuni."

Sina picha nyingine anayocheka.
Mbele ya kamera Mwanaheri alikuwa hakimu:
ya kitambulisho, ya harusi ya Nasra, ile ya wodini,
zote midomo imefungwa, kama anayesubiri chenji.
Tulimzika Kisutu, Shaabani iliyopita.

Kijana wa steshenari akauliza, ya rangi?
Ya rangi.
Akauliza, nikate haya maandishi ya chini, tarehe na saa?
Nikamwambia acha.
Buku moja.

Jumanne Evodius akapiga.
Nikamwambia nitalipa, elfu hamsini kila mwisho wa mwezi.
Akanyamaza. Nadhani alikuja na mzigo wa vitisho,
sasa hajui pa kuutua.
"Kwa hiyo, mzee, unakiri kosa?"
Kosa silijui, nikasema.
Picha mnauza ghali. Lakini nainunua.
Feni ikalia kwake, muda mrefu.
"Na hiyo beringi," nikamwambia, "itieni grisi."

Neno moja sikumwambia.
Usiku, nikiivuta picha kwenye simu ikue,
nyuma ya mkono wenye chungwa
niliuona mkanda, unaning'inia dirishani, mlegevu.
Mwanaheri hakujifunga.
Nimeuwekea kidole gumba.
Wasije wakaona.