Duka la Mbegu, Uyole

Nauza mbegu. Mwaka wa kumi na moja huu.
Mahindi, maharage, karoti za pakiti,
na ukutani nimeandika kwa rangi ya mlango:
ISIPOOTA, RUDISHA.
Hakuna aliyewahi kurudisha.

Cheti cha maabara kilisema vingine.
Tarakimu moja, nukta, sifuri,
na mhuri juu ya jina langu, Gwakisa Mwaisumo.
Nilikikunja mara nne, nikakitia chini ya droo
pamoja na risiti za kodi. Hiyo ni mwaka juzi.

Mwaka mzima Subilaga amekunywa mizizi.
Mizizi ya Kyela, mizizi ya Chunya,
dada zangu wakimhesabia siku kwenye kalenda ya benki,
nami nikamwacha anywe.
Hilo ndilo linaloniamsha saa tisa usiku.

Sista Tumpe, kule Meta, hakunipa dawa.
Alikifungua kiganja changu
kama anayefungua barua isiyo yake,
akaweka harage moja.
“Usilipande. Usilipike. Usilihesabu.
Litazame. Pumzi ikija, jua imekuja.”

Nikacheka. Mimi? Ninayepima maharage kwa debe?

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikalitazama.
Lina kitovu.
Kidogo, cheupe, pale liliposhikana na ganda.
Miaka kumi na moja, na sijawahi kukiona.

Halafu akili ikatoroka:
ikaenda ubatizo wa mtoto wa mdogo wangu,
ikaenda kwa yule aliyeuliza, huku anatafuna,
shamba zuri hivi, mkulima je?
“Imefika wapi?” Sista akauliza. Nikamwambia.
“Irudishe. Bila fimbo.”

Bila fimbo.
Nilitembea nalo neno hilo hadi Mwanjelwa, kwa mguu,
nikalowa, nikasahau mwavuli kliniki.

Siku hizi, kabla sijafungua duka,
nakaa juu ya gunia. Baridi ya Juni inapanda mgongoni.
Nasema: hii ni baridi.
Hii ni aibu, imekaa chini ya mbavu,
ukubwa wake kama kiazi cha mbegu.
Haiondoki. Sikuiambia iondoke.
Asubuhi nyingine siwezi kabisa,
nahesabu noti tu, harakaharaka, kama mwizi.

Juzi Subilaga alipita na kikombe chake.
Nikafungua droo.
Alisoma, kidole chini ya tarakimu,
mara ya pili, mara ya tatu.
Akatoka, akamwaga kikombe mtaroni.
Hakurudi upesi.

Pumzi ikaja. Nikajua imekuja.
Ikaja nyingine, hii ikiwa na miiba.

Aliporudi, alikaa juu ya gunia lilelile,
mbali kidogo,
akanyoosha kiganja.
“Nipe hilo harage lako,” alisema,
“halafu usiongee.”