Boksi Ndani ya Boksi

Tartu, Februari, saa nne usiku.
Mto umekuwa jiwe. Maarika anavua buti,
anaziacha zichuruzike juu ya gazeti la jana,
anawasha kompyuta kabla hajawasha jiko.

Mchana hupima macho ya watu:
herufi hii, au hii? Hii, au hii?
Usiku huifundisha programu isiyo na mwenyewe
kuorodhesha seti ndogo zote za seti yoyote.
Hakuna anayemlipa. Hakuna aliyemtuma.

Mistari mia mbili na kumi. Majaribio yote yamepita.
Alikuwa ameshakata kipande cha keki ajipongeze
jibu la Ignasi lilipoingia kutoka Girona,
fupi kama kikohozi:
«Na seti tupu je?»

Na seti tupu je!
Ina nini hata iulizwe? Haina kitu,
basi haitoi kitu. Sifuri huzaa sifuri.
Ndivyo alivyoandika, ndivyo programu ilivyojibu,
kwa uhakika wa mtu anayekosea.

Alilala vibaya. Asubuhi, akitafuta kifungo cha koti
katika kabati la marehemu shangazi Helju,
alitoa boksi la viatu. Ndani, boksi la biskuti, la bati.
Ndani ya bati, hewa,
na labda mdalasini.

Akasimama nalo, koti wazi, basi likimpita dirishani.
Boksi la bati ni tupu.
Boksi la viatu si tupu: limebeba utupu mmoja,
na kilicho kimoja kinahesabika.

Kwetu tunasema debe tupu haliachi kutika.
Hili halikutika. Lilikaa kabatini kimya
miaka kumi na mmoja, likiwa sahihi.

Ulibadilika mstari mmoja tu.
Ukiiuliza leo programu ile, popote ilipo,
seti tupu ina seti ndogo ngapi,
itakujibu: moja.
Ignasi aliandika «Sawa», bila hata alama ya mshangao.

Mwishoni mwa faili la majina, baada ya mtu wa Busan
na mwingine aliyejiita Bundi,
yupo: Maarika T.

Kifungo hakikupatikana.
Alikwenda kazini koti limebanwa kwa pini,
akauliza, hii, au hii?
na mzee mmoja alipomwambia, «Binti, sioni kitu,»
hakuiacha nafasi ile wazi kwenye fomu kama zamani.
Aliliandika. Lilikuwa jibu.