Urefu wa Machela

Ndesario alikuja barazani kwangu, nyuma ya soko la Mbuyuni,
na hema kuukuu kwapani, limechanika ubavuni,
mgeni alilitupa kambini Barafu akashuka bila kugeuka.
Akasema: Nishonee machela.

Nikashtuka. Huku Moshi machela hushuka na mtu mlimani,
aliyeishiwa pumzi,
miguu mbele, macho kwenye wingu.
Akacheka. Siyo hiyo, Mama Ndeshi. Ya kulala. Ya kufunga mitini.
Miaka kumi na miwili nabeba vitanda vya watu kichwani,
nami nataka kimoja changu,
kiingie mfukoni.

Nikamsimamisha, nikavuta futi kamba,
utosini hadi kisiginoni: mita moja na themanini na mbili.
Nikaongeza kiganja huku, kiganja kule, nikapiga chaki.
Hapo hapo, akasisitiza, usizidishe. Kila uzi una uzito.
Getini kuna mizani isiyojua salamu;
kuna wenzetu hukata mpini wa mswaki
wapate nafasi ya chumvi.
Nikakata. Mteja ni mteja.

Jumatatu akarudi, kichwa kimeegemea bega moja.
Alikuwa msitu wa Rau, usiku mbili.
Nimelala kama mshare mkunguni, akasema,
magoti yanachungulia kidevu,
mabega yanagombea mlango mmoja,
kitambaa kinanifumba uso kushoto na kulia.
Asubuhi mbega mmoja juu ya tawi
akanitazama kama anavyotazamwa mtoto
aliyevaa shati la mdogo wake.

Nikajilaumu. Kwani mimi sijui?
Miaka thelathini na mmoja nakata sketi mshazari!
Kitambaa ukikivuta kwa kufuata uzi, kigumu kama karani;
kivute kona kwa kona, kinalegea,
kinaifuata nyonga bila kuulizwa.
Basi na mtu alale hivyo hivyo,
kichwa kona hii, miguu kona ile,
mgongo utanyooka wenyewe.
Lakini kona zinataka nafasi.
Kitambaa cha urefu wako hakina kona, kina ncha tu.

Kitu cha kukutosha barabara, nikamwambia,
kinachogusa utosi na nyayo pasipo kubakiza,
hutengenezwa na seremala,
naye hukupima ukiwa huna la kusema.
Mzima hukatiwa na ziada.

Nikashona upya: mita tatu na robo.
Tukaenda nazo zote mbili buchani kwa Lekule,
ya kwanza mizanini, kisha ya pili.
Imezidi gramu mia na kumi.
Mayai mawili, akasema Lekule, akifuta kisahani.

Ndesario akasimama, midomo inahesabu.
Akafungua begi. Akatoa kufuli.
La nini, akajiuliza kwa sauti, kule kwenye miti?
Akaniachia. Hadi leo linakandamiza karatasi zangu za mitindo
upepo wa alasiri unapoingia.

Kamba, nikamwambia akiondoka,
usiikaze kama ya kuanikia mashuka. Iache itabasamu.
Na mgomba usiufunge hata ukikuita shemeji,
mgomba ni maji yaliyosimama tu.
Tafuta mringaringa, na mwenzake hatua sita.

Sikumwambia hili:
usiku ule kabla hajaichukua, niliipeleka nyumbani Kibosho,
nikaifunga nyuma ya banda la mbuzi, nikaingia na kanga yangu.
Mimi ni mfupi, mita moja na nusu nikijinyoosha.
Kilibaki kitambaa kingi, kichwani, miguuni,
kingi kama Jumapili isiyo na mgeni.
Nikageuka kimshazari.
Mbuzi wakatafuna, wakanyamaza.
Nilitaka kukagua mshono tu,
lakini jogoo wa jirani ndiye aliyenikuta.