Simama Nyuma, Uniambie

Uwera, ile Ipsum yetu ilikuwa imeota mtoto wa jicho,
yote mawili, la kushoto zaidi:
manjano ya chai iliyolala kikombeni.
Nikipanda Kanaba saa kumi usiku
na magunia sita ya viazi,
nilikuwa naendesha kwa kumbukumbu tu.
Hapa kona. Hapa mtaro. Hapa ng'ombe wa Sebagenzi asiyefungwa.
Ukungu wa kule unaujua, unasimama barabarani
kama askari asiyetaka hata rushwa.

Ndipo basi la Kampala likaniletea boksi la biskuti
lisilo na biskuti:
balbu za LED, mbili kubwa nyeupe,
mbili ndogo nyekundu ndani ya soksi yako ya shule,
na kikaratasi. *Mama, uone mbali.*

Nikampelekea Habumugisha, fundi wa nyuma ya stendi ya Bunagana,
yule anayelisalimu gari kabla ya mwenyewe.
Akakunja uso. "Hizi, katika kikombe hiki cha zamani,
zitamwagika kama maziwa kwenye jagi lililopasuka."
Nikasema weka. Mwanangu kanunua.
Akaweka.

Lo! Usiku ule nilikuwa mchana unaotembea.
Mianzi ya ng'ambo ya bonde niliihesabu jani kwa jani.
Kisha lori la saruji likatokea konani,
likapiga honi, likayumba,
likasimama gurudumu moja juu ya mtaro.
Dereva akashuka, kiganja machoni:
"Mama, wewe waona. Mimi je?"

Nilikwenda na neno hilo mpaka Kabale.
Viazi vikauzika. Neno halikuuzika.

Habumugisha hakusema *nilikuambia*.
Alichukua msasa mkali, kisha wa kati,
kisha ule laini kama sikio la ndama,
maji, dawa ya meno, kipande cha fulana.
Akasugua hadi plastiki ikawa nyeupe kama imekufa,
nami nikashika kichwa.
Akasugua tena, ikafufuka,
nikauona uso wangu humo, umepinda.
Akatandika nyaya mpya nene na rilei mbili,
maana umeme, alisema, ulikuwa unafika umechoka.
Balbu za kawaida, za dukani.
Giza lilipoingia tukaegesha mbele ya ukuta wa ghala, hatua saba,
akachora mstari kwa mkaa,
akageuza skrubu mpaka mwanga ukainama chini yake.
"Taa ina wakwe," akasema. "Isiwatazame usoni."

Zile nyekundu zako nilikataa zirudi katika soksi.
Zimekaa nyuma.

Sasa kuna jambo la kijinga.
Taa ya nyuma, dereva haioni.
Tangu una miaka sita ulikuwa unasimama pale na sweta yako,
nikikukemea utoke kwenye moshi,
unapaza sauti: Kushoto! Kulia! Breki!
Breki, mama, achia!
Na balbu ilipokuwa imeungua ulinyamaza tu,
nikajua kwa kimya chako.

Jana nimefika nyumbani, uani hapana mtu.
Nikakanyaga, nikaita kwa mazoea,
"Inawaka?"
Kuku mmoja akageuza shingo.

Basi nikarudi kinyumenyume, polepole,
hadi karibu na ukuta wa jikoni,
ule uliouchora kwa chokaa kabla hujajua kuandika:
nyumba, mbuzi, jua lenye miguu.
Nikakanyaga.
Kwenye kioo cha nyuma ukuta mzima ukaiva,
mbuzi akaiva, jua lako likasimama kwa miguu yake yote minane.
Nikaachia.
Nikakanyaga.
Nikaachia.

Kesho saa kumi usiku nina magunia saba.
Atakayenifuata Kanaba
ataniona.