Mchagoni

Alikuja Gerezani saa nne, jua limeshapanda bati,
mjukuu wake nyuma amebeba mwavuli na aibu.
Fundi Shomvi, akasema, wewe ndiye unayewamba?
Nikasema ndiye,
ingawa mwaka mzima sikuuza ila magodoro ya sponji.

Akachora kwa ncha ya bakora kwenye vumbi la mbao:
matendegu manne, mifumbati miwili, vitakizo viwili.
Nikacheka. Bibi, hiki mbona kitanda cha nyanya yangu, Mbwamaji?
Akanitazama kama mwizi.
Hiki ni cha kwetu Punjabi,
kijiji cha kisima kimoja na kaya arobaini.
Usinichanganye.

Bibi Parsini Kaur. Siku tatu
alikalia debe la rangi, akinisimamia
kama aliyeniazima mikono yangu mwenyewe.
Nilitumia katani ya Tanga. Akainusa, akakunja uso,
kwao ni kamba ya nyasi, hukwaruza mpaka mgongo uizoee.
Miguuni acha shubiri mbili, usisuke!
Hapo pana kamba za kukazia.
Kitanda hulegea kama watu, mtu hukaza, maisha yanaendelea.

Na alipoanza kusema hakukata.
Kwamba baba mkwe hapigi hodi nyumbani kwake:
anakohoa langoni, mara moja tu,
na wanawake wote wanavuta ushungi hadi kidevuni.
Kwamba alfajiri husikii jogoo, unasikia mipekecho,
kila ua linasukasuka mtindi wake.
Kwamba moto uliazimwa; ukiona moshi kwa jirani
unakwenda na kigae, unarudi na kaa moja, mbio.
Kwamba mswaki ni kijiti cha mwarobaini
(huu huu, akaunyooshea bakora, ule wa kwenye gereji).
Kwamba samadi ya nyati ilikandwa na makapi,
ikabandikwa ukutani ikauke, iwe kuni,
na kila andazi lina kiganja cha aliyelibandika.
Mama mkwe alipita akisoma ukuta:
hiki cha Jito, hiki cha Bibo,
hiki kidogo, chepesi, cha yule mvivu wa juzi.
Nilikuwa na miaka kumi na saba, Fundi.
Mkono ulikuwa mdogo tu.

Jioni ile nilikohoa mlangoni kwangu.
Mke wangu akauliza kama nimenywa dawa.

Siku ya tatu nikamwuliza, kitanda cha nani hiki?
Akapapasa mchago.
Hapa hukaa mgeni, mkubwa, mkwe.
Miguuni hukaa aliyekuja kukopa.
Mkaza mwana hakai. Anachuchumaa chini,
anahesabu visigino vya wanaokula.
Mwaka mmoja nilihesabu visigino,
kisha nikaletwa huku, kwenye viti.

Tukakipeleka Upanga kwa mkokoteni.
Lifti ikakikataa; tulijaribu wima, tulijaribu ubavu.
Mwanawe akatoka na simu sikioni, akasema, Mama, kweli?
Kikapanda ngazi, orofa nne, mabegani mwangu
na mwa kijana wa mkokoteni aliyetukana kila kona,
hadi juu ya paa, kati ya matangi ya maji na dishi lenye kutu.

Hapo, akasema. Kwetu kiangazi hulala juu.
Tulilipana. Alipunguza elfu tano; sikugomba.
Nikasema, haya Bibi, kalia mali yako.

Akaenda moja kwa moja
akaketi miguuni, ukingoni kabisa,
pale pa zile shubiri mbili za kamba tupu,
magoti pamoja, mkono ukitafuta ushungi usiokuwepo.
Akajiona.
Akacheka hadi akashika ubavu,
na mjukuu, kwa mara ya kwanza, akaweka mwavuli chini.

Kisha akaanza kusogea kwa kuteleza juu ya mfumbati,
kiganja, kiuno, kiganja, kiuno,
katani ikilia chini yake, bado mbichi.
Akasimama katikati.
Leo panatosha hapa, akasema.
Kesho nitasogea.