Glavu ya Kushoto

Kanuni ni moja: kaa nyuma yake, funga mdomo.
Usimwonyeshe. Hata kukohoa kwa ishara hakuruhusiwi.
Andika tu kishale kinapopita
na mahali mkono unaposita.

Maktaba ya Dobříš, Februari, theluji chafu dirishani,
kompyuta sita kuukuu tulizozifufua
kwa mfumo wetu huria, wa bure,
uliofumwa na watu ambao hawajawahi kupeana mikono.
Mistari elfu mbili na ushee humo ni yangu.
Nilikuja nimevaa fahari kama koti jipya.

Bi Vlasta Hadravová, miaka sabini na miwili,
amebeba barua ya kampuni ya maji ndani ya flashi.
Kazi niliyompa: ifungue, ikuze herufi, ichape.
Mtoto angeweza, nilidhani,
nikimfikiria mtoto niliyekuwa mimi.

Akachomeka. Kimya.
Flashi ilikuwa imefika, naam, ila haikupigiwa hodi:
tuliificha nyuma ya ikoni ya kijivu juu ya kijivu,
ndogo kama punje ya mtama,
kwa sababu Zbyněk anapenda skrini safi
na sisi wengine tulichoka kubishana.

Akabofya mara moja. Akabofya mara mbili.
Akaingia kwenye mipangilio: humo kuna njia tano
za kubadilisha rangi ya kivuli cha dirisha,
moja niliiandika mwenyewe usiku wa Krismasi.
Ya kukuza herufi imo ndani ya Ufikivu,
ndani ya Mwonekano, ndani ya kitu kiitwacho Mengineyo.
Tulimhifadhia mzee miwani yake
kwenye droo isiyosomeka bila miwani.

Dakika ya kumi na moja akaisogelea skrini,
akaiambia kwa sauti ya chini, kwa adabu:
"Niwie radhi. Mimi ni mjinga."

Nikauma kalamu.

Mwanamke huyu alikata ngozi za glavu miaka thelathini na mmoja.
Aliniambia baadaye, tukinywa chai ya limau,
kwamba ngozi huvutwa kwanza, usikie inakokubali kwenda,
kwamba kati ya vidole hushonwa kipande chembamba
ambacho mvaaji hakioni maisha yake yote,
na bila hicho ngumi haifungi.
"Glavu ikimbana mteja," akasema,
"hatukumpa kitabu cha maelezo.
Hatukumwambia akapunguze vidole."

Nami nikakumbuka majibu niliyowahi kuwapa watu:
Soma mwongozo.
Kwangu inafanya kazi.
Ni bure, unalalamikia nini?

Kizuri chajiuza, walisema wahenga.
Chetu hakiuzwi. Hakina duka wala tangazo,
kina mlango tu, na mkono wa mtu unaotafuta kitasa.

Usiku ule niliandika mistari minne. Minne.
Flashi ikiingia, dirisha lifunguke.
Ubishi ulichukua wiki tatu. Zbyněk alisema
tunawadekeza watu. Jandira, kutoka Pelotas,
alituma picha ya baba yake amelala mbele ya kompyuta,
kipanya mkononi, bila neno jingine.
Mistari ikapita.
Herufi bado zimo ndani ya Mengineyo. Hilo sijalishinda.

Aprili, baridi haijang'oka, Bi Vlasta akarudi.
Kanuni ileile, kiti kilekile.
Akachomeka, likafunguka, akakodoa macho, akachapa,
akakunja karatasi, akavaa kofia.
Hakusema asante, wala sikuitaka:
nani humshukuru bawaba?
Daftarini niliandika neno moja, herufi,
ukurasa uliobaki ukawa mtupu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Alisahau glavu moja juu ya printa.
Nilikuwa nimekwisha zima taa za maktaba
nilipoigusa, nikaijaribu, ndogo, inabana;
na humo gizani, bila kuambiwa,
mkono wangu wa kushoto ulijua pa kuingia.