Shindano

Kule Baraka tunaita shindano,
hii inayochoma ngozi.
Ndivyo nilivyosema Maweni siku ya kwanza,
kitenge bado kinanuka mafuta ya boti:
"Nimekuja kupigwa shindano."
Nesi Ntakije akaweka kalamu chini.
"Shindano la nini, mama? Mpira au kwaya?"
Benchi zima likacheka, nami nikacheka
kwa kuchelewa, kama mtu anayeitikia wimbo asioujua.
Hapa ni sindano.
Herufi moja tu, niliiacha forodhani.

Mengine sikuyaacha.
Kiu ilivuka nami. Mkojo wa usiku ulivuka nami,
na vidole vya mguu visivyosikia jiwe.
Afisa wa Kibirizi alifungua begi,
akahesabu vitenge, akanusa sabuni,
akauliza kama kuna kitu nimeficha.
Nikasema hakuna.
Damu haina mhuri.

Friji hatuna. Bi Sikujua mwenye nyumba,
ulimi wa pilipili, mkono usiojua kufumba,
alinipa vyungu viwili, kimoja kimemeza kingine,
mchanga wa ziwa katikati, kitambaa chepechepe juu.
Humo insulini yangu inalala,
chini ya dirisha, mbali na jiko.
Asubuhi na jioni naumwagia maji ule mchanga.
Hamimu wa jirani akaja akachuchumaa:
"Umepanda nini?"
"Siku," nikamwambia.
Akangoja wiki nzima zichipue.

Sukari. Na jina lenyewe lilivyo tamu.
Msibani wananipa chai isiyo na kitu
na jicho lenye kitu.
Shemeji anasema ni maji ya hapa, hayajanizoea.
Mchungaji wa Gungu anasema ni deni la ukoo,
nami sikumuuliza riba ni kiasi gani.
Nakula nusu ya bukari niliyokuwa nakula
(ugali, samahani, ugali)
na mgebuka uliochomwa, bila mawese.
Niliacha nyumba, niliacha shamba la mihogo,
nikavumilia.
Mawese ndiyo niliyoyalilia.

Siku moja sokoni Mwanga, mbele ya fungu la dagaa,
magoti yakaniaga.
Jasho la baridi, ulimi mzito.
Kiswahili cha hapa kikaondoka kwanza,
kikafuata cha kwetu,
kikabaki Kibembe cha mama yangu peke yake,
na pale hapakuwa na wa kukisikia.
Muuza miwa hakungoja mkalimani.
Alinitia kipande mdomoni:
"Tafuna."
Nikatafuna. Soko likarudi polepole,
kwanza kelele, halafu rangi, mwisho majina.
Lake mpaka leo silijui.
Kila nikipita nanunua muwa nisioruhusiwa,
nampelekea Hamimu.

Dada yangu hupiga simu mtandao ukikubali.
"Umepona?"
"Bado."
Wiki iliyopita mvua ilinyesha usiku kucha,
asubuhi nikasimama juu ya stesheni ya treni:
milima ya kwetu ile pale, ng'ambo, bluu,
karibu kiasi cha kuudhi,
ungedhani mtu ameisogeza nikiwa usingizini.
Simu ikalia.
"Umepona?"
"Nimepaona," nikasema.
Akadhani mtandao umekula neno.
Nikamwacha adhani.

Jumanne ni kliniki.
Ntakije hakusahau, wala hatasahau:
"Haya, mama wa shindano, leo nani kashinda?"
Anatoboa kidole, tunakodolea kipimo macho
kama watu wanaosubiri penalti.
Kumi na moja nukta nne.
"Sare," nasema.
Anaandika kwenye daftari, hacheki sana.
Nami nakunja kitenge, napapasa tumbo
kushoto, kulia, chini ya kitovu,
natafuta mahali
pasipouma bado.